Mama mkwe, magoti na treni za Uswisi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Munich. Nasra ana miaka 16, Idrisa 10, na kitinda mimba wetu ana 3. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Tanga, na mume wangu ameapa kwamba mama yake harudi nyumbani kabla hajaiona theluji kwa macho yake. Tumekubaliana twende Uswisi Agosti, siku sita, kwa treni, maana gari letu ni la viti vitano na sisi tuko sita.

Tatizo ni ratiba aliyoipanga. Usiku wa kwanza Zürich, wa pili Luzern, wa tatu Interlaken, wa nne Zermatt, wa tano St. Moritz baada ya kushinda kutwa ndani ya treni ya kitalii ya Glacier Express, kisha tugeuze Munich. Kila usiku kitanda kingine, na kila asubuhi masanduku, kigari cha mtoto na mama mkwe. Mama ana presha, anameza vidonge, na magoti yanamsumbua akiona ngazi. Hajalalamika hata mara moja. Akiulizwa anasema, "Mnavyoona nyinyi wanangu," na mume wangu anahesabu kwamba amekubali. Katikati ya ratiba kuna kupanda Jungfraujoch, kule juu kwenye theluji treni inakofika. Mume wangu anasema mama akichoka atabaki chini na Idrisa na mdogo, sisi tupande na Nasra.

Halafu kuna pesa. Wifi yangu alikwenda huko mwaka 2024 na mumewe, hawana watoto, na ndiye anayetushauri kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kasema tununue Swiss Travel Pass, faranga 379 kwa mtu kwa siku sita, tusisumbuke na tiketi tena. Mume wangu kazidisha mara tano, amemtoa mdogo tu, kapata faranga 1,895. Rafiki yangu wa hapa anasema tuchukue kadi ya nusu nauli, ambayo mwaka huohuo ilikuwa faranga 120. Jirani naye anasema Interrail, pasi ya treni za nchi nyingi za Ulaya, kwa kuwa sisi ni wakazi wa Ulaya. Mimi sijui yupi anasema kweli. Nikifungua mdomo kusema tupunguze, naonekana namnyima mama yake mtu raha. Nifanyeje?

Mama Nasra, Munich

*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama mkwe salamu zangu.

Umeniletea mambo mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja, hesabu ya nauli na heshima ya mama. Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokupa pa kushika ukikaa na mumeo.

Ile 1,895 ifute. Idrisa hapaswi kulipiwa. Mzazi akinunua Swiss Travel Pass au kadi ya nusu nauli ya watalii, mtoto wake wa miaka 6 mpaka kabla ya kutimiza 16 husafiri naye bure kwa kitu kinachoitwa Swiss Family Card. Nayo haiuzwi, hutolewa bure, ila sharti uiombe wakati uleule wa kununua, jina la mtoto liandikwe. Wifi yako hana mtoto, hakuwa na sababu ya kuijua. Mdogo wa miaka 3 hahitaji chochote. Nasra amevuka 16, kwa hiyo ana tiketi yake, lakini Swiss Travel Pass ya vijana walio chini ya miaka 25 huwa pungufu kwa karibu asilimia 30. Kwa bei za wifi basi mngelipa pasi tatu kamili, 1,137, na ya Nasra, jumla kama 1,400. Mmeshapunguza karibu faranga 500 bila kumnyima mtu kitu.

Sasa pasi au nusu nauli? Hapa watu hubishana kama wa mpira, na kumbe jibu liko kwenye namba moja. Toa 120 kwenye 379, inabaki 259. Mwenye kadi ya nusu nauli hulipa nusu kila anapopanda, kwa hiyo 259 yake ni safari za nauli kamili 518. Jumlisha nauli kamili za mtu mzima mmoja kwa siku zote sita, treni, meli na mabasi. Ikivuka 518, pasi ndiyo rahisi. Isipofika, nusu nauli inashinda. Bei za wifi ni za 2024, kwa hiyo zitazame upya kabla ya kulipa, lakini njia ya kukokotoa haibadiliki. Nauli zote ziko kwenye programu ya SBB, shirika la reli la Uswisi. Andika stesheni mbili na tarehe, nauli inatokea.

Milima ihesabu peke yake, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Jina la pasi linamfanya mtu aamini kwamba kila chenye reli kimelipiwa. Sivyo. Rigi na Stanserhorn ni bure kwa mwenye pasi. Gornergrat, Pilatus na Titlis ni nusu bei. Jungfraujoch pasi inakufikisha vijiji vya Grindelwald au Wengen tu, na kutoka hapo kwenda juu punguzo ni asilimia 25. Mwenye kadi ya nusu nauli, ile ya bei ndogo, analipa nusu mpaka kileleni. Kwa hiyo mtu aliyeweka roho yake Jungfraujoch, pasi kubwa ndiyo inayombana.

Interrail iacheni. Ni nzuri kwa anayevuka nchi tatu nne. Kwa nchi moja yenye milima, reli kadhaa ndogo za juu zitawapa punguzo tu, na mama mkwe, ambaye makazi yake ni Tanga, ingebidi achukue Eurail, ile ya wasio wakazi wa Ulaya. Mtakuwa na aina mbili za karatasi kwa safari moja.

Kuna jambo jingine ambalo naona mumeo hakuliona. Family Card inataka mzazi, na bibi hahesabiwi kuwa mzazi. Siku mtakayomwacha Idrisa chini na bibi yake, wakipanda hata meli ya kuzunguka ziwa, Idrisa atakatiwa nusu tiketi. Si pesa nyingi, lakini mkaguzi akipita, mama mkwe ndiye atakayekuwa anajieleza kwa Kiswahili cha Tanga mbele ya mtu wa Bern. Mkatieni mapema.

Haya, ratiba. Ratiba ya mumeo ni ya vijana wawili wenye begi la mgongoni. Kwa nauli huenda ikavuka ile 518, maana Zermatt na St. Moritz ziko mbali, na kwa hesabu hiyo pasi ingefaa. Lakini mtakuwa mmenunua pasi ili ratiba ilipe, na ratiba mmeichagua ili pasi ilipe. Glacier Express peke yake ni karibu saa nane, Zermatt mpaka St. Moritz, na juu ya pasi mnalipa tena ada ya kuweka nafasi, ambayo ni lazima. Mandhari ni ya kweli, madaraja 291, mahandaki 91, na pale Oberalp treni inafika mita 2,033. Ila madirisha hayafunguki, na mtoto wa miaka 3 hajui daraja wala handaki, anajua saa nane. Siku nyingine mkitaka reli hiyohiyo, treni za kawaida za mkoa hupita njia ileile bila kuweka nafasi, mnashuka mnapotaka, mnapanda ijayo.

Mimi ningelala sehemu mbili tu, Luzern usiku mbili, kisha karibu na Interlaken usiku tatu. Chukueni nyumba yenye jiko. Mkahawa wa Uswisi kwa watu sita utaulilia, na maduka ya vyakula ya Migros na Coop yako kila mji. Jumapili maduka mengi hufungwa, lakini yale ya kwenye stesheni kubwa hubaki wazi. Chapati na chai ya chupa mnaweza kula ndani ya treni, hakuna atakayewauliza.

Siku ya kwanza ni Munich mpaka Zürich kwa treni ya EuroCity, saa tatu na nusu hivi, mkipita Bregenz ya Austria kabla ya kuingia Uswisi. Zürich mnabadilisha, na kwenda Luzern hakuzidi saa moja. Wekeni nafasi za viti Munich, Agosti treni hiyo hujaa.

Siku ya pili Rigi, na hiyo ndiyo siku ya mama. Gati la Luzern liko mbele ya stesheni, mnavuka barabara mmefika. Mkibahatika kupata meli ya zamani ya magurudumu ya maji, mpelekeni Idrisa katikati ya meli, pale sakafu ilipoachwa wazi. Ataona mashine ya mvuke chini, vyuma vinene vinavyong'aa mafuta vikipanda na kushuka, na hamtamwondoa hapo mpaka Vitznau. Ni kama saa moja. Vitznau treni ya meno, ile inayopanda mlima kwa gurudumu la meno linalong'ata reli, inasubiri karibu na gati, reli iliyofunguliwa 1871, ya kwanza ya mlima Ulaya, kazi ya Niklaus Riggenbach. Nusu saa hivi mko stesheni ya juu, chini kidogo tu ya kilele cha mita 1,797. Hapo hakuna theluji Agosti, lakini milima yenye theluji inaonekana yote imejipanga kusini. Kushuka mnaweza kutumia upande wa pili, Arth-Goldau, mkarudi Luzern kwa treni ya kawaida. Mama hatakuwa amepanda mlima hata hatua kumi kwa miguu.

Siku ya tatu pandeni Luzern–Interlaken Express. Haina kuweka nafasi kwa lazima, ni kama saa mbili, na inapita mlima wa Brünig kwa meno, na maziwa ya rangi ambayo Nasra atayapiga picha mpaka simu ijae. Kwa maoni yangu hii ni safari bora kuliko nusu ya zile zinazotangazwa kwa majina makubwa.

Interlaken ina stesheni mbili, West na Ost. Treni za kwenda milimani hutoka Ost. Na hapa naomba unisikilize vizuri. Treni inayotoka Ost kwenda Lauterbrunnen na ile ya kwenda Grindelwald huwa ni treni moja iliyounganishwa, halafu pale Zweilütschinen inakatwa vipande viwili, kila kipande kinakwenda bonde lake. Familia ya watu sita huwa inapanda mlango wa kwanza inaouona, baba na masanduku huku, mama na kigari kule. Someni maandishi ya ubavuni mwa behewa kabla ya kupanda, wote. Mkigawanyika, mama mkwe ataingia Grindelwald na mjukuu, nyinyi mko Lauterbrunnen mnaangalia maporomoko ya Staubbach.

Kwa magoti yake, kwenye programu ya SBB kila treni ina alama ya kiti cha magurudumu kama ina behewa la sakafu ya chini, unaingia bila ngazi. Ramani ya mabehewa pia ipo, na herufi A mpaka D za kwenye jukwaa, ili msimame panapofaa badala ya kukimbizana na treni. Kwenye treni ndefu za ghorofa mbili zinazokwenda kati ya miji mikubwa kuna behewa la familia, juu kuna sehemu ya kuchezea watoto. Mdogo wako atapafurahia kuliko mlima wowote. Mkikosa treni ya kuunganisha msipandishe presha ya mama. Ijayo ni baada ya nusu saa au saa moja, na kadi zenu hazidai faini.

Sasa Jungfraujoch. Ni mita 3,454. Mumeo akiuliza ni kimo gani, mwambie kipo kati ya Mandara na Horombo kule Kilimanjaro. Kwa njia ya Marangu mtu hulala Mandara siku ya kwanza, anafika Horombo siku ya pili kwa miguu, mwili unazoea njiani. Hapa, tangu gondola ya Eiger Express, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ifunguliwe Desemba 2020, Grindelwald mpaka Eigergletscher ni dakika 15, kisha treni ya ndani ya mwamba dakika 26. Mwili wa mtu mzima mwenye presha unapandishwa hapo kwa chini ya saa moja. Wapo wazee wanaopanda na kushuka salama. Lakini anayeamua hilo ni daktari wake, si mwanawe, na daktari aulizwe kabla hamjalipa. Dawa zake zibaki kwenye mkoba wake wa mkononi, si kwenye sanduku.

Na hapa ndipo nataka umwulize mama swali ambalo nadhani hajaulizwa. Usimwulize mezani mbele ya mwanawe. Mwulize jikoni, mkiwa wawili. Wala usimwulize kama anataka kwenda, atakujibu "mnavyoona nyinyi," kwa kuwa hataki kuwa mzigo. Mwulize, "Mama, hiyo theluji unataka kuiona au kuishika?"

Akisema kuiona, mambo ni mepesi. Pandeni treni ya meno ya Lauterbrunnen, mpite Wengen ambako hakuna magari, mpaka Kleine Scheidegg, mita 2,061. Hapo Eiger, Mönch na Jungfrau zinasimama mbele ya stesheni, theluji na barafu juu yake, na kuna mabenchi na chai. Treni ya Jungfraujoch inaanzia hapohapo. Wewe au mumeo mnaweza kupanda na Nasra, mmoja wenu akabaki na mama na watoto. Hapo hata Family Card ya Idrisa haina mgogoro, mzazi yupo.

Akisema anataka kuishika, basi baada ya daktari kukubali, mpelekeni juu siku ya pili au ya tatu ya kukaa Interlaken. Atembee polepole, na asikae saa nyingi. Juu kuna lifti, lakini vijia vya ndani ni virefu, na nje ni baridi ya kweli hata Agosti. Mnunulieni soksi na glavu Munich. Tiketi ya kileleni msinunue wiki mbili kabla. Asubuhi fungueni kamera za moja kwa moja za kilele. Mkiona ukungu mweupe tu, bakini bondeni, maana huko juu mtaona hicho hicho kwa bei kubwa. Siku inayobaki mpeni mama ziwa la Brienz kwa meli, au alale. Amesafiri kutoka Tanga, ana haki ya kulala.

Kwa ratiba hii ya pili, nauli kamili ya mtu mzima bila kilele inabaki chini ya 518. Kwa hiyo nusu nauli kwa wewe, mumeo, mama na Nasra, 480 kwa bei za 2024, na Family Card ya Idrisa. Kwa siku mbili ndefu, ya kuingia na ya kutoka, tazameni pia tiketi ya siku nzima ya SBB ya bei nafuu, ile inayouzwa mpaka miezi sita kabla. Mwaka 2024 ilianzia faranga 29 kwa mwenye kadi ya nusu nauli, na hupanda kadiri siku inavyokaribia. Ila hiyo hairudishwi mkibadili mawazo, nunueni mkiwa na hakika ya tarehe.

Kwa mumeo, usitumie neno kupunguza. Yeye anataka kumtimizia mama yake, na hilo ni jema, usiligombanie. Mwonyeshe jibu la mama kwa maneno yake mwenyewe, na ile namba 518. Mpe yeye kazi ya kujumlisha nauli. Mwanamume aliyezidisha 379 mara tano anapenda hesabu, atafika mwenyewe kwenye jibu. Zermatt ibaki ya siku yenu wawili. Na wifi mshukuruni kwenye kundi, msimbishie.

Mawili ya mwisho. Mkiondoka tarehe 1 Agosti au karibu yake, ni sikukuu ya taifa ya Uswisi, fataki na treni zilizojaa, wekeni nyumba mapema. Na Uswisi iko ndani ya Schengen, kwa hiyo viza ya mama inafaa kama bado haijaisha, lakini haiko ndani ya Umoja wa Ulaya. Abebe pasipoti yenyewe, si nakala, na nyinyi vibali vyenu vya ukaazi, maana walinzi wa mpaka hupita ndani ya treni. Simu nazo, vifurushi vingine vya Ujerumani vinaihesabu Uswisi kama nje, na Nasra akipakia video moja tu ya Staubbach mtalipa kuliko nauli ya meli. Piga simu kwa kampuni yako uulize, na tiketi zote zipakueni mkiwa bado Munich.

Shangazi